Kuongeza Nota kwenye Mozart: Panapofaa na Pasipofaa

Lubumbashi swali hili huja mapema, mara tu mwanafunzi wa piano anapofika kwenye kipande chake cha kwanza cha Mozart au Chopin: "Maître (mwalimu), hapa naweza ongeza kitu?" Mara nyingi anajibiwa hapana. Muziki wa kanisa acheze atakavyo, lakini klasiki inapigwa kama ilivyoandikwa, nota kwa nota. Jibu hilo ni fupi na rahisi kulikumbuka, ila kwa sehemu kubwa ya muziki wa piano uliotungwa kati ya 1750 na 1850 si sahihi.

Ugumu unatokana na kuchanganya vitendo vinne visivyofanana. Mpiga piano anaweza kuupamba mstari unaporudiwa. Anaweza kujaza mahali ambapo mtunzi mwenyewe ameinyamazisha okestra ili kumwachia nafasi. Anaweza kupiga nota zake kabla kazi haijaanza, masikio yakae tayari. Au anaweza kuchukua wimbo wa mtu na kujenga juu yake kitu kipya kabisa. Anayeuliza kama kutunga papo hapo kunaruhusiwa kwenye klasiki anauliza maswali manne kwa mkupuo, na kila moja lina jibu lake.

Ujuzi ambao Katuba tayari unao

Mtazame mpiga kinanda wa kwaya yoyote ya Katuba, Kenya au Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, siku ya Jumapili. Mama mmoja anaanzisha wimbo akiwa benchi la tatu, na hakumuuliza mtu ufunguo. Kijana wa kinanda ana sekunde chache za kuisaka besi, kuipata, na kuingia kama vile walipatana tangu jana. Mhubiri akishusha sauti, kinanda kinashuka naye, akipanda, kinapanda. Watu wakiwa bado wako njiani kupeleka sadaka, kiitikio kinarefushwa, halafu kinapandishwa ufunguo mmoja ili moyo usilale. Yote hayo bila karatasi. Kisha Jumatatu kijana huyo huyo anawekewa sonata, yaani kazi ndefu ya piano yenye sehemu kadhaa, mbele yake, mikono inakakamaa, na anaambiwa kwamba aliyoyafanya jana hayahusiki na muziki wa kweli.

Yanahusika sana. Vienna ya miaka ya 1780, Mozart alipokuwa akipiga hadharani, mpiga piano alitarajiwa kuwa na ujuzi wa aina hii hii: kusikia besi upesi, kuhama ufunguo bila kumshtua msikilizaji, kujaza nafasi tupu, kumalizia pale watu walipo tayari. Hata ala yake ilikuwa karibu na ya kwaya zetu kuliko tunavyodhani. Piano ya Mozart iliyotengenezwa na Anton Walter ilikuwa na oktava tano, yaani vibao 61, idadi ile ile ya vinanda vingi vya umeme vilivyomo makanisani mwetu. Vibao 88 vilikuja baadaye sana. Kinachomtenga kijana wa Katuba na muziki ule ni msamiati: akodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) alizozizoea, namna ya kufunga sentensi, mahali pa kuweka nota zinazogombana na jinsi ya kuzipatanisha. Hayo yanafundishika. Uthubutu wa kupiga bila karatasi mbele ya kanisa lililojaa ndio mgumu kufundisha, na huo anao tayari.

Karatasi ambayo haikukamilika

Mwaka 1788 Mozart aliandika konseto, yaani kazi ya piano na okestra, katika ufunguo wa re meja, K. 537 (K. ni namba ya kazi katika orodha ya kazi za Mozart). Kwenye hati ya mkono wake, sehemu nyingi za piano hazina nota za mkono wa kushoto. Mistari iko mitupu. Hakusahau. Yeye ndiye angepiga, na alijua angefanya nini. Nota za kushoto tunazozisikia leo katika sehemu hizo zilijazwa na mtu mwingine kazi ilipochapishwa, Mozart akiwa ameshafariki. Mwanafunzi anayekatazwa kugusa hata nota moja ya konseto hiyo, kwa heshima ya Mozart, kumbe sehemu fulani analinda mawazo ya mtu asiye Mozart.

Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye sonata ya fa meja, K. 332. Katika sehemu yake ya pili, ile ya polepole, wimbo wa mwanzo unaondoka kisha unarudi. Kwenye hati ya mkono, marudio yako vile vile kama mara ya kwanza, bila pambo la ziada. Lakini toleo lililochapishwa Vienna mwaka 1784, mtunzi akiwa hai, lina marudio yaliyojaa: nota moja ndefu imekatwa kuwa mteremko wa nota ndogo, nyingine imecheleweshwa ifike baada ya pigo, na pengo lililokuwa kati ya nota mbili limezibwa kwa ngazi inayopanda. Wengi wanaamini mapambo hayo ni ya Mozart mwenyewe. Nikiweka matoleo hayo mawili pamoja kwenye stendi ya piano, naona kitu ambacho hakuna kitabu cha nadharia kinachokieleza vizuri hivyo. Alipokuwa anajiandikia mwenyewe, aliacha mifupa. Alipowauzia watu wengine, ambao huenda wasingejua la kufanya, aliwaandikia na nyama.

Mwaka huo huo wa 1784 dada yake, ambaye naye alikuwa mpiga piano hodari, aliona kwamba sehemu fulani ya polepole katika konseto ya re, K. 451, inapwaya. Mozart alimwandikia baba yao kwamba dada ana haki, kuna kitu kinakosekana pale, na kwamba atamtumia. Hapo hakuna aliyeshangaa kwamba nota zilizoandikwa hazitoshi.

Na jambo hilo halikuwa tabia ya Mozart peke yake. Carl Philipp Emanuel Bach, mwana wa Johann Sebastian, alichapisha Berlin mwaka 1760 sonata sita ambazo marudio yake yameshabadilishwa na kuandikwa. Katika dibaji alisema kwamba kubadilisha marudio kumekuwa lazima siku zile, kila mpigaji anatarajiwa afanye hivyo, kisha akalalamikia wale wanaobadilisha ovyo mpaka wimbo wenyewe unapotea. Malalamiko yake nayapenda kuliko ruhusa yake. Yanaonyesha kwamba uhuru ule ulikuwa na wenye kuuchunga.

Akodi inayoning'inia

Kadenza, yaani kipindi ambacho okestra inanyamaza na mpiga piano anabaki peke yake, ndipo mahali ambapo mlango umeachwa wazi kabisa, kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Chukua konseto iliyo katika do meja. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza okestra nzima inapanda, inafika kwenye akodi ya do-mi-sol, lakini besi imekaa kwenye sol badala ya do. Kisha inanyamaza. Juu ya akodi hiyo mtunzi ameweka alama ya kusimama, ile nusu duara yenye nukta ndani. Sikio la msikilizaji limebaki limening'inia: do-mi-sol yenye sol chini haina utulivu, inadai iende kwenye sol-si-re-fa, halafu ndipo ifike do. Okestra imetamka nusu ya sentensi. Nusu iliyobaki itatamkwa lini, ni shauri la mpiga piano. Kuanzia hapo mpaka atakapopiga trili ndefu (nota mbili jirani zinazopokezana upesi) juu ya re, ambayo ndiyo dalili kwa kiongozi wa okestra kwamba ainue fimbo, wakati wote ni wake.

Daniel Gottlob Türk, katika kitabu chake cha kufundishia piano cha mwaka 1789, alitoa maelekezo kuhusu wakati huo. Kadenza iimarishe yale ambayo kazi yenyewe imeshayasema. Isizurure kwenye funguo ambazo mtunzi hakufika. Na hata kama mpigaji ameikariri kwa jasho, isikike kana kwamba imezaliwa saa ile ile. Agizo hilo la mwisho linasema mengi kuhusu wasikilizaji wa zama zile: walipenda kutojua kinachofuata.

Kwa vijana wetu, kosa ninalolisikia zaidi hapa ni kurudi nyumbani mapema. Wanaingia kwenye kadenza, wanapiga kipande kizuri cha wimbo wa kwanza, halafu ndani ya vipimo vinne, yaani vifungu vinne vifupi vya mapigo, wameshatua kwenye do yenye besi ya do. Sentensi imefungwa. Hamu ambayo okestra iliijenga kwa dakika nzima imekwisha, na chochote watakachoongeza kinasikika kama hotuba ya mtu aliyekwisha kuaga. Sababu iko wazi: nyimbo nyingi za kwaya zinazunguka na kurudi nyumbani kila baada ya vipimo vinne au vinane, na mikono imezoea safari hiyo fupi. Dawa yake ninayoitumia ni kumwambia mwanafunzi aishike sol ya chini kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, aipige tena kila inapofifia, na asiruhusiwe kugusa do ya besi mpaka trili imalizike. Juu ya sol hiyo atembee atakako. Achukue nota nne za mwanzo za wimbo mkuu, azipige, azipandishe hatua moja, azipandishe tena, azigeuze kichwa chini. Ghafla kijana anasikia kwamba ana nafasi kubwa kuliko alivyodhani.

Robert Levin, mpiga piano wa Marekani, amejulikana duniani kwa kufanya hivyo mbele ya watu: anapiga konseto za Mozart na kutunga kadenza palepale jukwaani. Anajua msamiati wa Mozart kiasi kwamba hahitaji kuazima sentensi zake.

Beethoven anavuruga mambo

Kama historia ingekuwa imenyooka, tungesema watunzi walipenda mapambo na walimu wakayazuia. Beethoven haturuhusu kusema hivyo.

Ana kazi moja ya piano na ala nne za kupuliza, opus 16 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Mwanafunzi wake Ferdinand Ries alisimulia jinsi Beethoven alivyokuwa akiipiga siku moja, akafika kwenye alama ya kusimama katika sehemu ya mwisho, na badala ya kusimama akaanza kutunga. Akaenda mbali. Wapuliza ala walikuwa wakiinua ala zao mdomoni wakidhani sasa wanaingia, kisha wanazishusha tena, na mmoja wao alikasirika waziwazi. Wasikilizaji walifurahi.

Kazi hiyo hiyo, mwaka 1816, ilipigwa na Carl Czerny, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa Beethoven. Czerny akaongeza ugumu hapa na pale, akahamisha nota kwenda oktava ya juu. Beethoven alimkemea mbele ya wanamuziki wenzake. Kesho yake alimwandikia barua ya kutaka radhi, akasema Czerny amsamehe mtunzi ambaye angependa kusikia kazi yake kama alivyoiandika, hata kama mengine yote yalipigwa vizuri.

Watu huzitumia hadithi hizi mbili kila mmoja kwa upande wake. Ukiziweka pamoja zinapatana. Beethoven alitunga pale penye alama ya kusimama, mahali palipoachwa wazi kwa ajili hiyo. Czerny aligusa vipimo vilivyokuwa vimejaa. Na tukumbuke kwamba Czerny hakuacha kutunga papo hapo kwa sababu ya kemeo lile. Mwaka 1829 alichapisha kitabu kizima cha kufundisha ufundi huo kwenye piano, opus 200.

Hata hivyo mwelekeo wa Beethoven ulikuwa wa kufunga milango. Katika konseto yake ya tano, aliyoitunga mwaka 1809, alipofika mahali pa kadenza aliandika kwa Kiitaliano kwamba isipigwe kadenza yoyote, mpigaji aendelee moja kwa moja. Kilichofuata amekiandika mwenyewe. Anayepiga kadenza yake pale leo anavunja agizo lililoandikwa, na mimi simtetei.

Chopin na wanawake wa nyumba ya Schumann

Noktani ya Chopin, yaani kipande cha piano chenye utulivu wa usiku, katika mi bemoli meja, opus 9 namba 2, ndiyo inayopigwa zaidi na wanafunzi wetu, na ndiyo iliyofungwa zaidi vichwani mwao. Lakini iangalie. Mkono wa kushoto unarudia mwendo ule ule kutoka mwanzo: besi, akodi, akodi. Mkono wa kulia una wimbo mmoja unaorudi tena na tena, na kila unaporudi Chopin amebadilisha kitu: mara ya kwanza uko wazi, mara inayofuata kuna mzunguko mdogo wa nota, baadaye nota zinamwagika. Anatufundisha kwa vitendo namna ya kurudia. Zaidi ya hapo, Chopin aliandika kwa penseli mapambo mengine kwenye karatasi za wanafunzi wake, tofauti na yaliyochapishwa, na toleo la kitaifa la Poland limeyachapa mapambo hayo ili wapigaji wayaone. Anayetaka kuongeza kitu kwenye noktani hiyo bila kujiamini bado, aanze na hayo. Ni ya mtunzi mwenyewe na karibu hakuna anayeyapiga.

Kitendo cha tatu, cha kupiga utangulizi, kimesahaulika kuliko vyote. Clara Schumann, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 19, alikuwa na desturi ya kutunga utangulizi mfupi kabla ya kazi aliyotangaza, na kuunganisha kazi moja na nyingine kwa akodi za kupitisha masikio kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Mwaka 1895, akiwa mzee, aliandika baadhi ya tangulizi hizo kwa ombi la binti zake. Hapa hakuna nota ya mtunzi inayoguswa hata moja. Na kwa mpiga kinanda wa kwaya ndicho kitendo rahisi kuliko vyote, maana kila Jumapili anakifanya kati ya wimbo na sala.

Kwa nini milango ilifungwa

Hakuna aliyetoa amri. Mambo kadhaa yalikuja kwa pamoja. Nota zilizochapishwa zilikuwa nafuu zaidi na watu wengi walinunua piano za nyumbani, kwa hiyo walitaka karatasi iliyokamilika, isiyodai wawe watunzi. Shule za muziki, kuanzia Conservatoire ya Paris iliyoanzishwa mwaka 1795, zilihitaji kupima wanafunzi kwa kipimo kimoja, na ni vigumu kuwapima watu ishirini ambao kila mmoja amepiga kitu tofauti. Heshima kwa mtunzi ilikua mpaka kazi yake ikaonekana haiguswi. Liszt, mpiga piano na mtunzi ambaye ujanani hakuogopa kugusa kazi ya mtu yeyote, mwaka 1837 alitubu hadharani kwa maandishi kwamba alikuwa akiongeza mambo kwenye kazi za Beethoven na Weber ili apigiwe makofi. Kisha santuri zikaja, na msikilizaji akaanza kwenda ukumbini akiwa ameshabeba kichwani toleo moja la kila nota. Mashindano ya kimataifa, kama lile la Chopin la Warsaw lililoanza mwaka 1927, yalimalizia kazi.

Hata ukimya wa ukumbi ni wa baadaye. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 kwamba wasikilizaji walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza ya simfoni yake, mahali ambapo yeye alikwisha kujua kwamba patawapendeza. Angekuja kwenye ibada zetu, vigelegele vinavyolipuka kinanda kinapopandisha ufunguo visingemsumbua hata kidogo.

Sisi wa Katanga tuna sababu ya pekee ya kuelewa jinsi kitu kilichotungwa papo hapo kinavyogeuka karatasi isiyoguswa. Mwaka 1958 huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliandaa misa pamoja na kwaya yake kwa mitindo ya nyimbo za Kongo. Missa Luba, kwa sehemu kubwa, ilitoka vinywani mwa waimbaji wenyewe wakiongozana na kuitikiana. Kiunzi kilijulikana, maneno ya Kilatini yalijulikana, mengine yalizaliwa wakati wa kuimba. Ilirekodiwa. Baadaye rekodi ilisikilizwa, ikaandikwa kwa nota, ikachapishwa, na leo kwaya za Ulaya na Marekani zinaiimba kutoka kwenye karatasi zikijitahidi kufuata kila kipimo. Kilichokuwa chaguo la mwimbaji mmoja siku moja kimekuwa wajibu wa maelfu. Noktani ya Chopin nayo ilipita njia hiyo.

Tuna pia mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mtafiti David Rycroft alipoyaandika magitaa yake kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 1960, alionyesha jinsi Mwenda alivyokuwa akibadilisha kila alipozunguka: mfumo unabaki, vidole vinachagua njia nyingine. Hiyo ndiyo kazi ambayo C. P. E. Bach aliidai mwaka 1760. Mwanafunzi wa Lubumbashi akiniambia haelewi maana ya marudio yaliyobadilishwa, namwambia akamsikilize Mwenda kwanza.

Namna ya kuanza

Anza na kipande kidogo kisichotisha. Minueti (kipande cha dansi) ya sol meja ya Christian Petzold, ile iliyomo kwenye daftari la Anna Magdalena Bach, mke wa Johann Sebastian, na ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa ni ya Bach, ina vipimo 32 na kila nusu inarudiwa. Wimbo wake wa mwanzo unarudi tena katika kipimo cha tisa, kwa hiyo ukifuata alama za marudio msikilizaji anausikia mara nne. Mara nne vile vile ni nyingi.

Kipimo cha kwanza ni re, kisha sol-la-si-do zinazopanda. Cha pili ni re, sol, sol, kila moja pigo moja. Kiache hivyo mara mbili za kwanza. Mara ya tatu, katika kipimo cha pili, shuka kwa ngazi: re-do kwenye pigo la kwanza, si-la kwenye la pili, sol kwenye la tatu. Besi haijaguswa, mwendo haujaguswa, umeziba tu pengo kati ya re na sol. Mara ya nne ongeza jambo jingine mahali pengine. Ukishindwa kuchagua, pigo kwa pigo imba kwanza kwa mdomo kile unachotaka kukisikia, halafu mikono ifuate. Mdomo hauna mazoea mabaya ya vidole.

Kabla ya hayo yote, jifunze kupiga besi peke yake ukiwa unaimba wimbo. Katika shule za muziki za Napoli za karne ya 18, ambazo zilianza kama makao ya yatima, wavulana walipewa mstari wa besi tu na kutakiwa wabuni yote yaliyo juu yake, miaka na miaka. Wengi walitoka watunzi wa opera. Mpiga kinanda wa kwaya anayeisaka besi ya mama wa benchi la tatu ameshaanza somo hilo bila kujua.

Kitendo cha nne, kujenga kitu kipya juu ya wimbo wa mtu, kina sharti moja tu la lazima: mwambie msikilizaji. Mpiga piano Mfaransa Jacques Loussier alianza mwaka 1959 kupiga Bach kwa mtindo wa jazi na watu wawili wa besi na ngoma, na hakuna aliyedhani anasikia Bach wa kanisani. Mpiga piano Gabriela Montero wa Venezuela huwaomba wasikilizaji wamwimbie wimbo wowote, kisha anaujenga palepale, pengine kwa mtindo wa Bach, pengine kwa dansi ya tango. Nani hapa asingependa kusikia wimbo wa kwaya ya Ruashi ukigeuka fuga, ambamo sauti kadhaa zinafuatana kwa wimbo ule ule, mbele ya macho yake? Lakini programu ikiandika "Mozart" peke yake, basi wanaosikiliza wana haki ya kumsikia Mozart, pamoja na uhuru ule tu ambao zama zake ziliuruhusu.

Na kuna muziki ambao sitagusa. Watunzi Wafaransa Debussy na Ravel waliandika kila kivuli cha sauti. Hakuna pengo wanaloniomba nilizibe. Sonata za mwisho za Beethoven ni hivyo hivyo. Kwa watunzi wa karne ya 20 kuna pia suala la haki: Mkataba wa Berne unataka kazi ilindwe kwa miaka isiyopungua 50 baada ya kifo cha mtunzi, na nchi nyingi zimeweka zaidi, kwa hiyo ulizia kabla ya kubadilisha na kurekodi. Mozart alifariki mwaka 1791, Chopin 1849. Kwao hakuna wa kukudai isipokuwa masikio ya watu.

Anayetaka lengo kubwa zaidi ya minueti aitazame konseto ya Mozart katika re maina, K. 466, ya mwaka 1785. Okestra si lazima uwe nayo. Mwenzako kwenye kinanda cha pili anaweza kupiga sehemu zake. Mtakapofika karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, akodi itaning'inia juu ya la ya besi na mwenzako atanyamaza. Kadenza ya Mozart kwa konseto hiyo haipo. Beethoven aliipenda kazi hiyo akaiandikia ya kwake, na wengi wanaipiga hiyo. Unaweza kuipiga hiyo, au unaweza kuishika la kwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto na kuanza.